Anayetaka mtapo na aanze na mbegu

Muhula uliopita mwalimu mwenzangu wa shule jirani alinijia akiwa amejawa na furaha. Kamati ya shule yao ilikuwa imetenga fedha za kulipamba lango jipya, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameahidi kuwaletea kwa lori mitapo minne mikubwa, kila mmoja ukiwa na shina la kimo cha mtu mzima, ili miwili isimame kulia na miwili kushoto. "Hebu fikiria, ndugu yangu," aliniambia, "mgeni atakapoingia atadhani amefika ikulu."

Nilimwuliza jambo moja tu: mitapo hiyo inatoka wapi? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. Hakuwa amelifikiria swali hilo, wala sidhani kamati yake ilikuwa imelifikiria. Nami sina haki ya kumlaumu, kwa maana mwaka wa 2009 nilinunua mtapo wa namna iyo hiyo bila kuuliza lolote. Nitayasimulia hayo hapa chini, ingawa si jambo la kujivunia.

Kwanza yafaa tuelewane tunazungumzia mti gani. Mtapo una shina nene lililojaa makovu ya majani yaliyokwisha kuanguka, na juu ya shina hilo pana taji la majani marefu mithili ya makuti, ambayo huweza kupita mita mbili. Kila kijani kina miiba pembeni, na anayeushika bila hadhari hujuta. Kwa sababu ya sura hiyo wanafunzi wengi, wa pwani na wa bara, hudhani ni ndugu wa mnazi au mchikichi. Sivyo kabisa. Mnazi hutoa ua na tunda. Mtapo hauna ua wala tunda. Mbegu zake hukaa ndani ya koni, kama zile za msonobari, na kwa hivyo msonobari ndio ulio karibu naye kiukoo kuliko mnazi. Wataalamu huiita jamii hii yote ya mimea saikadi.

Huu wa kwetu huitwa kitaalamu Encephalartos hildebrandtii. Neno la kwanza limeundwa kwa Kigiriki, na maana yake ni mkate ulio ndani ya kichwa, kwa sababu ya wanga uliomo shinani. La pili ni kumbukumbu ya Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea katika pwani yetu miaka ya 1870. (Wazee wetu waliokuwa wakiujua mti huu tangu enzi hawakupewa nafasi katika jina, lakini hiyo ni hadithi ya mimea mingi ya Afrika na sitaki kuipotezea wino leo.) Hustawi katika misitu na vichaka vya pwani ya Kenya na Tanzania. Mimi nafunza Kwale, na anayetaka kuuona katika makao yake hana haja ya kusafiri mbali: uko Shimba Hills, na uko kwa wingi katika hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje, iliyoanzishwa na wenyeji katika miaka ya 1990. Mitapo ya huko imesimama kwenye miteremko kama wazee waliokuja kusikiliza kesi, na ndovu hupita katikati yao.

Ndugu zake wako pia katika sehemu nyingine za nchi. Juu ya mlima wa Ololokwe na katika safu ya Mathews, kule Samburu, ipo saikadi iitwayo Encephalartos tegulaneus. Maungu, katika nchi ya Taita, ipo kisambo, ambayo wanasayansi waliitambua kuwa aina ya pekee mwaka wa 1989 na safari hii wakaliacha jina la wenyeji liingie katika jina la kitaalamu. Ufukweni nako kuna mti mwingine ambao pia huitwa mtapo, yaani Cycas thouarsii. Huu majani yake hayana miiba kama ya mwenziwe, na mbegu zake huelea baharini. Ndivyo ulivyoweza kukaa Madagaska, Komoro na pwani yetu pia.

Mwalimu wa Bayolojia hawezi kupata kielelezo bora kuliko mmea huu, ila naomba tuache kosa moja ambalo nimelisikia hata katika vikao vya walimu. Husemwa kwamba mtapo huu ndio uliokuwa ukiliwa na dinosau. Ukoo wa saikadi ni wa kale kweli. Visukuku vyake vina umri wa miaka ipatayo milioni 280. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kuwa aina tunazoziona leo zilianza kutengana zamani isiyopita sana miaka milioni 12, wakati ambapo dinosau walikuwa wamekwisha kutoweka zamani sana. Ukoo ni mkongwe; wana wake waliopo ni vijana. Mwanafunzi akifunzwa hivyo atakuwa amefunzwa jambo la kweli na la kupendeza zaidi.

Sasa nirudi kwenye aibu yangu. Mtapo nilioununua mwaka wa 2009 ulikuwa kando ya barabara, umelazwa chini pamoja na miche ya maua, mizizi yake imekatwa karibu na shina na kufungwa gunia. Muuzaji aliniapia kuwa umetoka shambani kwake. Niliuona bei yake ni rahisi kwa mti wa ukubwa ule, nikalipa, nikaupanda mbele ya nyumba, nikaumwagilia maji asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache ukachipua majani mapya kumi kwa pamoja, laini na yenye manyoya, nikawaita majirani waje waone. Mwaka wa pili ukachipua matatu. Mwaka wa tatu haukuchipua kitu, na nilipousukuma kwa mkono ukaanguka kama mlingoti uliooza. Ndani ya shina hamkuwa na chochote ila uji mweusi wenye harufu mbaya.

Baadaye nilifahamu yaliyotokea, na nayaeleza kwa sababu wengi wamedanganyika kama mimi. Shina la mtapo ni ghala. Limejaa wanga na maji, na mti uliong'olewa waweza kutoa majani kwa akiba hiyo hata kama hauna mzizi hata mmoja unaofanya kazi. Yale majani kumi niliyoyasherehekea hayakuwa dalili ya uzima. Ulikuwa mti unaokula akiba yake ya mwisho, nami nikazidisha maji, maji yakaingia katika majeraha ya mizizi, kuoza kukaanza. Muuzaji hakupata hasara. Alikuwa amekwisha kwenda zake. Anayeng'oa hulipwa siku ile ile, na anayenunua hugundua baada ya miaka miwili.

Na wakati ninaponunua mti wa kimo changu, ni nini hasa ninachonunua? Shina la mtapo huongezeka kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Mti wenye shina la kimo cha mtu huenda una umri wa kumshinda mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati wakijumlishwa pamoja. Hakuna kitalu cha kawaida kitakachoukuza mti kama huo kisha kiuuze kwa bei ya mbuzi wawili. Kwa hiyo swali la mahali ulikotoka karibu lina jibu moja, hata muuzaji aape kwa kiapo gani.

Wenzetu wa Afrika Kusini wametangulia katika njia hii, na walikofika hakupendezi. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2014 wezi waliingia katika bustani ya taifa ya Kirstenbosch, mjini Cape Town, wakang'oa saikadi 24, nyingi zikiwa za aina ambayo imebaki michache mno porini. Bustani yenye walinzi na ua! Baadhi ya aina za nchi hiyo hazipatikani tena msituni hata kidogo. Zilizobaki zimo bustanini tu. Tamaa ya watu wenye bustani nzuri ndiyo iliyozimaliza. Si mkulima maskini aliyefyeka shamba, ingawa naye ana sehemu yake. Ni mpenda mimea aliyetaka mti mkubwa upesi.

Sheria ipo. Saikadi zote za jina la Encephalartos, ambazo ni aina zipatazo 65 na zote za Afrika, zimo katika orodha ya kwanza ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambayo ndiyo kali kuliko zote. Hapa nchini Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haihusu wanyama peke yao bali na mimea ya porini pia, na kung'oa chochote katika hifadhi au msitu wa serikali bila kibali ni kosa. Lakini nani amewahi kumwona askari akisimamisha lori kuuliza kuhusu mti? Ndovu akiuawa nchi nzima hulia. Mtapo ukiibwa, watu huuliza umenunuliwa kwa bei gani.

Sisemi kwa sababu hiyo kwamba tuuache mtapo porini na bustani zetu tuzijaze mimea ya kigeni. Hilo ndilo tunalolifanya sasa, na ni msiba wa namna nyingine. Tembea katika mitaa ya matajiri wa Nairobi, au katika nyua za shule nyingi, utaona saikadi fupi yenye majani yaliyojikunja pembeni. Hiyo ni Cycas revoluta, asili yake Japani. Ni mmea mzuri, sina ugomvi nao. Lakini biashara yake ndiyo iliyosambaza duniani mdudu mmoja mdogo mwenye gamba jeupe kutoka Asia. Mdudu huyo alionekana Florida mwaka wa 1996, akafika kisiwa cha Guam mwaka wa 2003, na saikadi ya kisiwa hicho, iliyokuwa mti wa kawaida kabisa msituni, ikatiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka wa 2006. Guam ilichukua miaka mitatu tu. Nasi tunao Cycas wetu ufukweni.

Basi anayetaka mtapo nyumbani au shuleni na aupande, ila aanze na mbegu. Nimefanya hivyo tangu ule wangu ulipoanguka, na nitaeleza nilivyojifunza, kwa makosa mengi.

Mbegu hazitoki msituni. Mimi nilizipata kwa mzee jirani ambaye ana mitapo miwili ya tangu utoto wake, mmoja dume na mmoja jike. Bustani za zamani za pwani zina miti kama hiyo, na wenyewe aghalabu hufagia mbegu na kuzitupa pamoja na takataka. Koni ya jike inapokomaa hufumuka yenyewe, na mbegu zikaanguka chini, kila moja ikiwa imevikwa nyama nyekundu. Nyama hiyo huzuia mbegu isiote, kwa hiyo sharti iondolewe. Vaa glavu. Ziloweke mbegu siku mbili tatu, kisha zisugue mpaka libaki ganda gumu. Halafu zitie majini: zinazozama huenda zina uhai, zinazoelea aghalabu ni tupu. (Angalia usilitumie jaribio hili kwa mtapo wa ufukweni, maana zake zimeumbwa zielee. Rafiki yangu mmoja alizitupa zote nzuri.)

Kisha ngoja. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mbegu ya mtapo inapoanguka, kijusi kilicho ndani bado hakijakomaa. Huhitaji miezi kadhaa, aghalabu sita, kabla ya kuwa tayari. Ziweke kivulini katika mchanga mkavu au maranda, mahali ambapo panya hawafiki. Baada ya hapo chukua mchanga mkali wa mto, laza mbegu ubavu, uzifukie nusu tu, mgongo wake ubaki nje. Maji kidogo, joto la kutosha, jua lisilo kali. Zitaota baada ya wiki chache au baada ya miezi mingi, kila moja kwa saa yake. Kinachotoka kwanza ni mzizi, nao hushuka chini moja kwa moja kama msumari. Mwanafunzi anayechimbua kila Ijumaa ili aone kama umeota atauvunja. Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Leo anasomea udaktari, na naomba Mungu awe amejifunza subira.

Kwa sababu ya mzizi huo, chombo cha kuoteshea kiwe kirefu kwenda chini. Debe la mafuta lililotobolewa matundu linafaa kuliko chungu kipana cha mapambo. Udongo uwe wa kupitisha maji upesi: mchanga mkali, changarawe kidogo, mboji iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni kaburi la mtapo. Mwagilia, kisha uache udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Mitapo mingi ya bustanini haifi kwa kiu. Hufa kwa ukarimu wa mwenye nyumba. Samadi mbichi nayo iache kwa ajili ya migomba.

Mwaka wa kwanza utapata jani moja, pengine mawili. Usikate tamaa, wala usikate jani. Baadaye, mche unapokuwa na nguvu, majani huchipua kwa pamoja, yakiwa laini kama manyoya ya kifaranga. Wiki hizo usiuguse, usiuhamishe, usiugeuze upande. Viwavi hupenda majani hayo mapya, na dawa bora ni jicho la mtu na vidole vyake kila asubuhi. Majani ya zamani yakiwa bado mabichi yaache, hata kama yanakuchoma. Ndiyo yanayoulisha mti. Katika pwani mche hupenda kivuli chepesi, kama ule unaopatikana chini ya mnazi. Wenzetu wa Nairobi na maeneo mengine ya baridi wauweke penye jua, karibu na ukuta unaohifadhi joto, na wakubali kwamba utakua polepole zaidi.

Siku moja utaona juu ya udongo, karibu na shina, mizizi iliyovimba na kujigawa kama vipande vya matumbawe. Mara ya kwanza niliiona nilidhani ni ugonjwa nikaikata. Nilikosea mno. Ndani ya mizizi hiyo wanaishi bakteria wa kibuluu-kijani ambao huichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Ukikikata kipande kimoja kwa wembe, kwa ajili ya somo, utauona mviringo wa kijani ndani yake kwa macho matupu. Ni shule ngapi za sekondari zinazofunza habari za naitrojeni kwa kuchora ubaoni tu, ilhali mmea wenye kuionyesha waweza kukaa ndani ya debe nje ya mlango?

Lazima niseme pia juu ya sumu, hasa kwa walimu wa madarasa ya chini. Mbegu za mtapo ni sumu kali inayodhuru ini, na rangi yake nyekundu huvutia watoto, mbuzi na mbwa. Ni kweli kwamba katika pwani hii na visiwa vya Bahari ya Hindi watu waliwahi kutengeneza unga kutokana na mitapo nyakati za njaa, lakini walikuwa na ujuzi wa kukata, kukausha, na kuloweka kwa siku nyingi. Asiye na ujuzi huo asijaribu. Mwaka wa 1901, katika vita vya Waingereza na Makaburu, Jemadari Jan Smuts na askari wake walikuwa na njaa milimani kusini mwa Afrika, wakala mbegu za saikadi ya huko. Wengi waliugua, na jemadari mwenyewe aliugua vibaya. Ni yule yule Smuts aliyekuja kwetu mwaka wa 1916 kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani katika nchi ya Taita na Taveta, ambako kisambo humea. Sijui kama aliitambua saikadi hiyo. Nadhani hakuionja. Kwa hiyo pandeni mbali na uwanja wa kuchezea, na koni ya jike inapokaribia kufumuka ikatwe au izungushiwe wavu.

Nimetaja dume na jike mara kadhaa bila kufafanua, na hili ndilo jambo ambalo wenye bustani wengi hawalijui. Mtapo mmoja ni dume au ni jike. Hauwi vyote viwili. Na huwezi kuutambua mpaka utoe koni, jambo ambalo kwa mti uliopandwa kwa mbegu huchukua miaka kumi na zaidi. Anayepanda mtapo mmoja mbele ya nyumba yake amepanda pambo lisiloweza kuzaa. Upepo hausaidii sana. Kazi ya kupeleka chavua kutoka koni ya dume hadi ya jike hufanywa na wadudu wadogo jamii ya fukusi, wenye mdomo kama mkonga, ambao maisha yao yote yamefungamana na koni hizo. Mti uliohamishwa mbali na msitu huwaacha wadudu wake nyuma.

Mwisho wa upweke huo unajulikana. Mwaka wa 1895 John Medley Wood aliikuta katika msitu wa Ngoye, kule Zululand, saikadi ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Ilikuwa shina kadhaa za mti mmoja, nao ulikuwa dume. Ikaitwa Encephalartos woodii. Watu wameutafuta mwenzake kwa zaidi ya miaka mia moja wasimpate. Chipukizi lake moja lilipelekwa London katika bustani ya Kew mwaka wa 1899, na mengine yako katika bustani nyingi za dunia, yote madume, yote mti ule ule mmoja. Ni kapera aliyetunzwa vizuri kuliko wafalme wengi, na hana mrithi.

Ndiyo maana nashauri kwamba mtapo usipandwe na mtu mmoja. Upandwe na mtaa. Shule moja ikiotesha miche ishirini, ibaki na sita, na kumi na minne igawiwe wazazi wanaoishi karibu, basi baada ya miaka kumi na mitano patakuwa na madume na majike katika umbali wa kutembea kwa miguu. Wadudu wasipokuwapo, mkono wa mtu unatosha: koni ya dume ikikomaa hukung'utwa juu ya karatasi, chavua yake ikakaushwa na kuhifadhiwa kwenye friji ndani ya kichupa kikavu, koni ya jike inapofungua nyufa zake ndogo, chavua hupulizwa humo kwa mrija, siku kadhaa mfululizo. Mzee jirani yangu hufanya hivyo kwa shina la jani la mpapai. Hakusoma Bayolojia, na mbegu zake huota kuliko zangu.

Najua nitaulizwa faida. Mwembe hutoa embe, mwarobaini hutoa dawa, mtapo unatoa nini? Sitatunga faida usiyokuwa nayo. Mtapo hautamlisha mtu wala hautamtajirisha. Ni mti wa nchi hii ambao hauna mahali pengine pa kwenda, na nadhani shule ambayo ina nafasi ya kupanda nyasi za kukanyagwa na wageni ina nafasi ya miti sita.

Nitaambiwa pia kuwa unakawia mno. Serikali ilitangaza Desemba 2022 azma ya kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa likizo ya taifa ili tupande. Shule yetu ilipanda kwa bidii, tukahesabu, tukapeleka hesabu. Hakuna aliyerudi kuhesabu iliyokufa. Katika hesabu ya namna hiyo mtapo hauna mvuto wowote: mwaka mzima kwa jani moja! Mtoto atakayefukia mbegu akiwa Gredi ya Nne ataondoka shule ya sekondari kabla hajaiona koni. Mwalimu wake atakuwa amekwisha kuhamishwa mara mbili au tatu, kama kawaida yetu. Lakini shule yenyewe haihamishwi. Katika taasisi zote tulizo nazo vijijini, ukiondoa nyumba za ibada, sioni nyingine ambayo hakika itakuwa mahali pale pale baada ya miaka thelathini, ikiwa na watoto wa kumwagilia maji na mtu wa kuwafukuza mbuzi. Kinachohitajika ni daftari moja linaloachiwa mwalimu ajaye: mbegu zilitoka kwa nani, zilifukiwa lini, mche upi alipewa mzazi yupi, upi umetoa koni, ni dume au jike.

Ama yule mwenzangu wa shule jirani, alirudi kwa kamati yake na lile swali. Mfanyabiashara alipoombwa aonyeshe karatasi za kuthibitisha miti ilikotoka, alisema atazileta, kisha simu yake ikawa haipatikani. Wajumbe wawili walikasirika, na mmoja hadi leo hanisalimu. Lango lao sasa lina mapipa mawili ya maua ya kawaida. Nilimpa mwenzangu mbegu thelathini zilizokwisha kukaa miezi sita kivulini, na wanafunzi wake walizilaza mchangani nyuma ya maktaba mwanzoni mwa mvua za masika. Wiki iliyopita aliniletea hesabu iliyoandikwa kwa mkono wa mtoto: saba zimetoa mzizi, mbili zimeoza, ishirini na moja bado.